Kansa inamaliza wazee wetu?

SWALI: Shikamoo dokta. Kata yetu huku Rombo mwaka juzi kansa iliua wazee 4, mwaka jana 7. Watu wanasema ni dawa za kupulizia kahawa shambani. Ni kweli imepanda? – Msomaji, Rombo

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana kwa misiba. Toka 4 hadi 7 ni ongezeko la 75%, ukiisema hivyo inatisha, ila kwa kata moja namba ndogo hivyo zinaruka zenyewe tu, mwakani zinaweza kurudi 3, kwaiyo jumlisha angalau miaka mitano ndo uanze kulinganisha. Usilinganishe na Dar kienyeji, Kilimanjaro ina wazee wengi kwa uwiano, vijana wameshuka mjini kutafuta, na kansa inaua zaidi wazee. Linganisha wa miaka 60-69 wa huko na wenzao wa 60-69 wa Dar. Halafu zamani mzee alifia nyumbani tukasema tumbo, saivi anapimwa KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, na jina la ugonjwa linaandikwa. Dawa za shamba namba hizi hazizishtaki wala hazizisafishi. Kinachoniuma mimi ni wengi kufika hospitali ugonjwa umeshasambaa, kwaiyo mzee akianza kukwamwa na chakula au kukonda bila sababu, mpelekeni wiki hiyohiyo.