Kura ya Ubungo, au jinsi nilivyokaribia kuua ramani yetu

Kosa kubwa nililowahi kufanya kwenye mradi wetu sio la kompyuta, ni la kupigisha kura. Ilikuwa usiku nipo kitandani na simu, grupu la WhatsApp limechafuka, watu wanabishana stendi ya mabasi kwenye ramani iwe ya Ubungo ya zamani au Mbezi mpya, nikajiona mtu wa demokrasia nikaweka kura pale pale, nikazima data nikalala.

Kwa wasiojua, sisi ni kikundi kidogo tunatengeneza ramani ya barabara ya Dar mpaka Iringa kwa ajili ya Euro Truck Simulator 2, lile gemu la malori la Wacheki wa SCS Software lililotoka 2012, ambalo linakuja na edita yake ya ramani humo humo ndani, kwa hiyo yeyote mwenye uvumilivu anaweza kujenga barabara zake. Hatulipwi. Tunafanya kwa sababu tumechoka kuendesha lori Ujerumani.

Sasa ile kura, kusema ukweli niliiweka nikiamini Ubungo inashinda asubuhi na mapema, maana nani asiyeikumbuka Ubungo, mpiga debe mmoja ana begi lako, mwingine ana mkono wako, na basi lenyewe wanalokwambia linaondoka sasa hivi linaondoka saa mbili baadaye. Naamka asubuhi, Mbezi imeshinda. Tena imeshinda vizuri tu.

Shida ni kwamba Ubungo tulishaijenga. Kijana mmoja kwenye timu ilimchukua miezi mitatu, mpaka kile kidirisha cha kulipia kiingilio alikiweka. Na Mbezi sio jengo tu la kuhamisha, stendi ya Mbezi ilifunguliwa Februari 2021, kwa hiyo ukiiweka lazima na pale makutano ya Ubungo uweke flaiova kwa sababu ilizinduliwa kipindi hicho hicho, halafu Kimara mpaka Kibaha uifumue yote uijenge ile ya njia nane. Kumbe watu hawakuchagua stendi, walichagua mwaka, na mimi niliyewauliza sikuwaambia hivyo kwa sababu hata mwenyewe nilikuwa sijalifikiria.

Nikafanya nini? Nikakaa kimya wiki mbili nikitegemea watasahau. Thubutu. Mmoja akaandika, "Kama mlishaamua mlituuliza ya nini?" na iliniuma kwa sababu alikuwa sahihi. Upande wa pili yule kijana wa Ubungo akaona grupu zima limeikataa kazi yake na bosi mwenyewe hasemi kitu, akatoka bila kuaga. Yani nikawakosa wote kwa mpigo.

Kwa hiyo kama una mradi wa mashabiki, iwe modi ya gemu (yale mashabiki wanayoongeza wenyewe kwenye gemu), iwe kutafsiri katuni za Kijapani, iwe simulizi unazoandika kwa kutumia wahusika wa mtu mwingine, usiwapigishe watu kura kwenye jambo ambalo huko tayari kushindwa. Kura ni ahadi. Sisi siku hizi tunapigisha kwa vitu ambavyo jibu lolote likija tunaishi nalo, mfano tukimaliza Iringa tuendelee Mafinga na Makambako au tukunje kwenda Mtera mpaka Dodoma, hapo kweli semeni nyie maana kote kuna kazi na kote kuna raha.

Yale makubwa tuliyaandika kwenye ukurasa mmoja tukaubandika juu kabisa ya grupu. Ramani ni ya mwaka 2016, yaani stendi ni Ubungo. Ni ya malori kwanza, mabasi baadaye. Majina ya kampuni tunabuni, hatuweki nembo ya mtu. Na wenye neno la mwisho ni watatu, tukawataja ni nani na nani, mmoja barabara, mmoja majengo, mmoja (mimi) kila kinachobaki. Nilidhani watu watachukia kuambiwa hivyo, lakini kelele zilipungua karibu siku ile ile. Mtu akija na habari za flaiova anajibiwa na mwenzake, "mkuu, 2016", yanaisha. Nadhani watu hawakasirishwi sana na kukataliwa, wanakasirishwa na kuzungushwa.

Yule kijana nilimpigia simu, sikumtumia meseji. Nikamwomba radhi. Akarudi baada ya mfungo.

Haya, sasa msije mkasema nawafundisha kupuuza watu, maana kitu kizuri kuliko vyote kwenye ramani yetu kimetokana na malalamiko. Kitonga, ule mlima mkali kabla ya kufika Iringa. Kwenye gemu lile ramani imebanwa, kilomita 19 za kweli zinakuwa kama moja, kwa hiyo safari ya Dar hadi Iringa ambayo ni kama kilomita 500 inabaki kama 26 tu. Kitonga ukiibana hivyo unapanda kabla hujamaliza kubadilisha gia. Toleo la kwanza lilipotoka tulichapwa, "Kitonga yenu fupi", "ongezeni urefu", "hicho ni kimlima cha wapi?", kila siku hivyo hivyo. Tukaanza kupima, tukaona tukiirefusha inasukuma Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake vyote mpaka iende kugongana na Mikumi.

Kabla ya kubomoa nikamkalisha jirani yangu, dereva wa semi, Kitonga anaijua kama chumba chake. Sikumwelekeza kitu, nilimwonyesha tu vibonye vya gesi na breki nikakaa nyuma yake. Akapanda kimya. Alipofika juu akageuka akaniuliza, "Mbona nilikuwa peke yangu?"

Nikabaki namwangalia. Kitonga gani unapanda peke yako? Kitonga unapanda ukiwa nyuma ya lori lililobeba linalotembea kama linachagua pa kukanyaga, huoni mbele, pembeni korongo, na ukikata kona unakuta matawi ya miti yametandikwa barabarani maana kuna mwenzenu mbele gari limemfia na mzigo. Basi hatukuongeza hata mita moja. Tuliongeza malori mazito mbele yako, kona mbili tukazibana zaidi, na tukaegesha semi moja bovu lenye matawi yake nyuma na mawe chini ya tairi. Lile toleo lilipotoka komenti ya kwanza ilikuwa, "Safi sana, naona mmeongeza urefu."

Tangu siku hiyo mtu akilalamika simbishii, kama anasema pamemkera basi pamemkera, hilo analijua yeye kuliko mimi. Ila dawa siipokei kama alivyoiandika. Namuuliza ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, ulitegemea kuona nini, na mara nyingi kwenye jibu la tatu ndo tatizo lenyewe linajitokeza na wala sio lile alilokuja nalo.

Makosa ya wazi hayo hayana mjadala, gemu likijifunga ukifika Chalinze au lori likizama kwenye lami, unarekebisha unashukuru. Hata ukweli wa mahali, mtu akikutumia picha ya lile bango la faini za kugonga wanyama Mikumi na lako halifanani, usibishane naye, badilisha. Njiapanda zetu za mwanzo zilikaa kizungu kabisa kwa sababu vipande vya barabara za kuendesha kushoto tulivyokuwa navyo vilikuwa vya Uingereza, watu walitucheka na walikuwa na haki. Na kuna aliyeuliza kwa nini ramani ya Tanzania haina tochi, basi tukaficha kamera ya spidi nyuma ya mti kabla ya kufika Ruvu, na mpaka leo ndo sehemu inayotukanwa kwa mapenzi kuliko zote.

Kwenye ladha ndo pagumu, maana hapo kila mtu yuko sahihi, na ndo maana lazima kuwe na mtu wa kuamua.

Hela nayo. Kuna jamaa alitutumia elfu 50, nikaipokea kwa furaha zote, nikamshukuru grupuni, wiki ya pili akaanza kuniuliza basi lake liko wapi. Basi gani? Kumbe kichwani mwake ile ilikuwa malipo, anataka basi la kampuni anayoipenda liwe la kwanza kutoka, na rangi zake na nembo yake. Nilimrudishia pamoja na ya kutolea, na siku hizi kabla hatujapokea tunasema wazi, mchango ni asante, haununui kiti kwenye maamuzi.

Na tarehe jamani, msitangaze tarehe. Timu ya Fallout: London walikuwa wamepanga kutoa modi yao ya gemu la Fallout 4 tarehe 23 Aprili 2024, wenye gemu Bethesda wakatangaza apdeti kubwa ya Fallout 4 ya tarehe 25 mwezi huo huo, wakalazimika kusogeza, wakaja kutoa Julai. Hawakukosea kitu, ndo hali ya kujenga kwenye kiwanja cha mtu. Sisi kila SCS wakitoa toleo jipya kuna kitu kinavunjika. Mimi nawapenda wale wa Black Mesa, mashabiki waliotengeneza upya gemu la Half-Life, 2012 wakatoa kazi yao bila sehemu ya mwisho kabisa, Xen, kwa sababu haikuwa tayari, na gemu zima likakamilika 2020. Watu waliwasema miaka yote hiyo, lakini walikuwa wanawasema huku wanacheza.

Yule aliyeandika "mlituuliza ya nini" nilimfuata inboksi. Nikamwambia sisi Mbezi hatujengi, ila faili zetu za Kimara mpaka Kibaha hizi hapa, chukua, jenga ya kwako ya kisasa, ukimaliza tutaitangaza. Alidhani namtania. Sasa hivi ana timu yake ya watu wanne, flaiova wameshaisimamisha na kwa kweli ni nzuri, nina wivu kidogo.

Juzi kanipigia saa tano usiku. Anasema watu wake wamemchosha, kwa kuwa ramani yake ni ya sasa hivi wanataka na treni ya SGR ionekane ikipita kuelekea Morogoro, na yeye hana wa kumtengenezea hata behewa moja, afanyeje.

Nikamuuliza, "Umeshapigisha kura?"

Akanyamaza kidogo. "Ipo hewani tangu asubuhi."