Mwulize Mwenyewe, Mkiwa Wawili

Nikiwa chuoni niliigiza Ophelia katika Hamlet, tanzia ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1600. Tangu wakati huo, kijana akinijia na shaka juu ya mpenzi wake, mawazo yangu hukimbilia sehemu ya tatu, onyesho la kwanza, pale Ophelia anapomrudishia mpenzi wake, Hamlet, zawadi alizompa.

Kabla ya hapo kaka wa Ophelia, Laertes, amemwonya: Hamlet ni mwana wa mfalme, hana uhuru wa kujichagulia mke. Baba yao, Polonius, akapigilia msumari: marufuku kuzungumza naye. Binti akatii. Barua akazikataa, mlango akaufunga, sababu hakuisema. Hamlet naye ana kidonda chake. Baba amefariki, na haijatimia miezi miwili mama ameolewa na shemeji yake, ambaye sasa ndiye mfalme, hata Hamlet ameanza kuwaona wanawake wote vigeugeu. Sasa na mpenzi anamkwepa. Afikiri nini?

Ndipo zawadi zinarudi. Ophelia anasema zawadi hupungua thamani mtoaji akigeuka kuwa mkatili. Kila tulipofanya mazoezi maneno hayo yalinikwama kooni, kwa sababu aliyekata mawasiliano ni Ophelia, kwa amri ya baba. Ni maneno yanayonukia kufundishwa. Na baba huyo amejificha hapo hapo na mfalme, wanasikiliza. Hamlet anauliza, baba yako yuko wapi? Binti anajibu, nyumbani. Baada ya uongo huo hasira za Hamlet hazishikiki tena.

Hakuna aliyetoa la moyoni. Ophelia hakusema "baba amenikataza", Hamlet hakusema "uliniumiza uliponifungia mlango". Kauli ya wazi inakuja makaburini, Ophelia akiwa tayari yumo kaburini: Hamlet anasema kwamba alimpenda, na ndugu elfu arobaini wakijumlisha mapenzi yao hawamfikii.

Mimi nilipokuwa na mchumba, kaka yangu aliniita uani akaniambia amesikia yule bwana ana mwanamke mwingine. Nilimshukuru, nikaenda kwa mwenyewe. Tulikaa wawili, nikamwambia: "Kaka ameniambia hivi na hivi. Nataka nisikie kwako." Alinyamaza muda mrefu akibandua karatasi ya chupa ya soda kwa ukucha, kisha akasema ndiyo, yupo. Uchumba uliishia hapo. Niliumia sana, lakini uamuzi ulikuwa wangu, na niliufanya nikiwa na jibu lake mkononi.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukimwuliza mpenzi wako, taja habari ulikoitoa. Usimzungushe kwa maswali ya mtego, maana mtu akishahisi mtego huacha kujibu swali, hujihami. Asiwepo shosti anayesubiri ripoti. Hamlet alimwandikia Ophelia barua akimwambia atilie shaka hata nyota kuwa ni moto, ila asitilie shaka penzi lake. Barua hiyo ikaishia kusomwa na Polonius mbele ya mfalme na malkia. Leo tunapiga picha meseji za wapenzi wetu na kuzirusha kwenye magrupu, kisha watu kumi wanatuamulia maana ya sentensi ambayo aliyeiandika hajaulizwa. Acha kabisa. Nawe ukiulizwa, jibu ukweli, hata kama nyumbani wamekukataza. Sema kwamba wamekukataza.

Kuna hali moja ambayo ushauri huu hauihusu. Siku moja Hamlet aliingia chumbani kwa Ophelia, koti halijafungwa, soksi zimeporomoka hadi vifundoni, akamshika mkono kwa nguvu bila kutamka neno. Ophelia alimkimbilia baba yake akiwa na hofu, na hapo alifanya vema. Mpenzi wako akikutisha, au akikukamata hivyo, usiende kukaa naye wawili. Mweleze mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo, maswali yatangoja.