Chick Evans na karo za wabeba fimbo

Kwa aliyeuliza kama yupo bingwa wa gofu wa ridhaa aliyeulipa mchezo huo fadhila, mimi ningemtaja Chick Evans wa Chicago, ambaye mwaka 1916 alitwaa mataji ya mashindano ya wazi ya Marekani (yanayowaruhusu wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa) na yale ya ridhaa. Kwa kuwa kanuni za ridhaa zilimkataza kuchuma kutokana na gofu, fedha za santuri alizorekodi za mafunzo ya gofu zilielekezwa, kwa ushauri wa mama yake, kwenye mfuko wa kuwasomesha vijana wanaowabebea wachezaji fimbo za gofu, kazi aliyoianzia yeye mwenyewe. Wawili wa kwanza waliingia Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1930. Chuo hichohicho, jambo linalonigusa zaidi, Evans alikuwa amekiacha kwa kukosa fedha.