Kabla hujamwekea pesa mshindi wa chesi

Wadogo zangu wa kijiwe cha Shangani, siku hizi mnaniuliza nani atachukua mashindano ya Wagombea, yale yanayomtoa mtu wa kumkabili bingwa wa dunia. Najua hamniulizi kwa sababu nacheza vizuri. Mnajua niliwahi kuliwa. (Mlio chini ya miaka 18 sheria haiwaruhusu kubeti. Pangeni kete mcheze.)

Ilikuwa Aprili 2024, mashindano yako Toronto. Wachezaji wanane, raundi 14, kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili. Mimi nilikuwa na pesa ya palizi ya mikorosho. Nikachukua nusu yake nikamwekea Fabiano Caruana. Hoja yangu ilikuwa moja tu: ana pointi 2803 za ubora, zile mchezaji anazokusanya kwa matokeo yake ya nyuma, na pale hakuna aliyemzidi. Gukesh, kijana wa miaka 17 kutoka India, alikuwa na 2743, wa sita kati ya wanane. Hata sikumtazama mara mbili. Akamaliza na alama 9 (ushindi ni alama 1, sare ni nusu), nusu alama mbele ya Caruana, Nakamura na Nepomniachtchi.

Sijutii kumchagua Caruana. Ninachojutia ni kwamba sikushika kalamu. Tofauti ya pointi 60 maana yake mwenye nyingi anatarajiwa kupata alama 58 au 59 katika kila 100 wanazogombea wawili hao. Basi, ni hizo tu. Tena wakubwa wale wanatoka sare mara nyingi, kwa hiyo mtu akishinda mechi mbili zaidi ya wenzake kashawaacha. Kwa mechi 14, yule wa sita hayuko mbali kama nilivyodhani.

Sasa hesabu ya odi, maana hapa ndipo wengi mnapita mkikimbia. Ukiona odi 4.00, yaani ukishinda unalipwa mara nne ya ulichoweka, gawanya 1 kwa 4: ni asilimia 25. Fanya hivyo kwa wote wanane, halafu jumlisha. Haitakuwa 100, itazidi. Tuseme imefika 115. Hizo 15 za juu ni ulaji wa kampuni, na ukizipunguza, yule wa 25 anabaki na kama 22. Hapo ndipo ujiulize: mimi nampa zaidi ya 22? Kwa lipi ninalolijua ambalo mpanga odi halijui? Ndanda ikicheza pale Nangwanda Sijaona, unaweza ukasikia mapema kwamba kipa anaumwa, kwa kuwa anakaa mtaa wa pili. Toronto huna jirani.

Jambo jingine ni raundi za mwisho. Nafasi ya pili kwa kawaida haimpeleki mtu kwa bingwa, hivyo aliyeachwa nyuma huacha kujilinda akaenda kushambulia, na ndipo matokeo ya ajabu hutokea. Siku ya mwisho Gukesh alitoka sare na Nakamura, akakaa kusubiri. Caruana na Nepomniachtchi walikuwa wanacheza, na ni ushindi tu ungemfikisha mmoja wao kwenye mechi za kuamua. Caruana alishakuwa na mchezo wa kushinda. Kwetu ni usiku wa manane, mimi nimekodolea simu, bando linaelekea kwisha, na mechi imepita hatua 100. Sare.

Wala msimfute mtu kwa kupoteza mara moja. Gukesh huyo huyo alifungwa na Firouzja, mmoja wa wale wanane, raundi ya 7, nusu ya safari.

Na masharti myasome kabla ya kuweka, hasa yale ya mashindano yakisimamishwa. Mashindano ya Wagombea ya Yekaterinburg, Urusi, yalianza Machi 2020, yakakatwa baada ya raundi 7 kwa sababu ya korona, yakamaliziwa Aprili 2021. Hata kabla hayajaanza, Radjabov, mmoja wa waliofuzu, alijitoa na nafasi yake akapewa Vachier-Lagrave. Aliyemwekea Nepomniachtchi mwanzoni alikuwa sahihi, ndiye aliyeshinda. Ila kama kampuni yake haikurudisha pesa za watu, alisubiri mwaka mzima na zaidi. Hapa kwetu msimu mzima wa korosho ungepita katikati, kuanzia kupulizia hadi mnada wa mwisho.