Shangazi, mume wangu anamalizia pesa kwenye kadi za mchezaji mstaafu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni wa Tanga, nimeolewa huku Seattle, mwaka wa sita sasa. Mume wangu, aliyekulia hapa, anakusanya kadi zenye picha ya Ken Griffey Jr., mchezaji wa besiboli aliyestaafu tangu 2010. Kabati limejaa albamu. Nikilalamika, ananiambia marehemu baba yake alikuwa akimpeleka uwanja wa Kingdome kumtazama. Hiyo kadi anayoringia, ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, dukani haizidi dola arobaini! Sasa ameninunia, hanisemeshi. Nifanyeje? – Mke Asiyethaminiwa*

Marahaba, mwanangu. Pole, kukaa na mtu aliyenuna ni mateso. Pole yangu inaishia hapo.

Hizo dola arobaini umezijuaje? Asiyejali kadi hajui bei ya kadi. Wewe uliitoa kabatini ukaenda nayo dukani, mwenyewe akagundua. Hapo ndipo ulipoanza mnuno, na hapo ndipo barua yako ilipokaa kimya.

Tena huenda umeiharibu. Kadi hizi hukaguliwa pembe, kingo, uso, hata picha kama imekaa katikati. Hiyo ya Griffey, namba 1 katika toleo la kwanza la Upper Deck, PSA, kampuni inayokagua kadi, wakiipa alama 10, ya juu kabisa, huuzwa zaidi ya dola elfu moja. Pembe ikifubaa kidogo tu kwa kushikwashikwa, bei inaporomoka. Nyingine za miaka ile zilichapwa kwa wingi mno, nyingi ni bei ya karanga. Kwa hiyo mumeo hatafuti utajiri humo.

Anamtafuta baba yake. Umelipitia jambo hilo mbio mbio, mimi nikakwama hapo. Griffey alicheza Mariners, timu ya Seattle, pamoja na baba yake mzazi. Septemba 14, 1990, baba aliupiga mpira ukavuka uzio, na mwana aliyemfuata kupiga akafanya vivyo hivyo. Mtoto aliyekulia Seattle akishikwa mkono na babaye, hiyo ni hadithi yake. Kingdome yenyewe ilibomolewa 2000. Abaki na nini? Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndoa za siku hizi, mtu anaingia kama ofisa wa forodha, kila mzigo ufunguliwe, uthaminiwe, utozwe. Nawe mtoto wa Tanga usiniambie hukuondoka na sanduku la kanga. Mumeo akichukua ya marehemu bibi yako akaiulizie bei sokoni?

Kuhusu pesa, hukutaja kodi ya nyumba iliyokwama wala njaa, na ingekuwepo ungeanza nayo. Kaeni mpange kiasi cha kadi kila mwezi, na cha mambo yako vilevile. Lakini kwanza muombe radhi, bila kuweka "lakini" katikati. Kisha mwambie akufungulie albamu, akae akusimulie.

Na mbona hujaniambia hiyo kadi iko wapi sasa? Kama uliiacha dukani, nenda kaikomboe leo, kabla hawajafunga.