Biskuti za sungura bila sukari

Dada uliyeuliza kama unaweza kuwatengenezea sungura wa watoto biskuti za mboga, inawezekana kabisa na wala hazina kazi. Chukua karoti moja ikwangue kwenye kikwaruzo, katakata majani ya giligilani kidogo, tia oti uliyoisaga kwenye blenda na kipande cha ndizi mbivu uponde kishike donge, hapo ukiona linanata mkononi ongeza oti, likimeguka ongeza ndizi. Sukuma jembamba kabisa, kata vidogo kama kifungo cha shati, weka kwenye oveni moto mdogo, 150 hivi, mpaka vikauke ukivunja vilie ka! Visipokauka vizuri vinaota ukungu, na chenye ukungu tupa, usione huruma.

Usitie chumvi, sukari wala asali hata watoto wakulilie, na vitunguu, parachichi na viazi vibichi weka mbali kabisa. Sungura hawezi kutapika, kikishaingia kimeingia.

Halafu kimoja kwa siku kinatosha, tena si kila siku, maana karoti na ndizi zina sukari, watu tunadhani sungura anaishi kwa karoti kumbe chakula chake hasa ni nyasi kavu. Kama una simbilisi pia, wao mpe pilipili hoho mbichi, miili yao haitengenezi vitamini C na ukiioka inapungua sana.