Maswali yenu kuhusu moyo: presha isiyouma, sigara mbili kwa siku na tui la nazi

Shikamoo daktari. Baba alifariki kwa shambulio la moyo akiwa na miaka 52. Na mimi nimeandikiwa hivyo?

Marahaba, na pole sana. Hujaandikiwa. Ni kweli kwamba baba au kaka akiugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, hatari yako hupanda. Lakini utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanyika katika nchi 52, ulionyesha kuwa mambo tisa yanaeleza zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo, yakiwemo sigara, kolesteroli, presha, kisukari na kitambi. Hayo yote yana dawa au namna ya kuyapunguza. Pima presha, sukari na kolesteroli sasa, na umtajie daktari umri aliofariki nao mzee.

Presha yangu ni 160/100 ila sisikii chochote. Kwa nini nimeze dawa kila siku?

Swali hili naletewa kila mara, na linanihuzunisha kwa sababu najua linakoishia. Presha haiumi. Inaukwaruza ukuta wa ndani wa mshipa taratibu, miaka na miaka, kolesteroli inapenya hapo na kujenga utando. Siku utando huo ukipasuka, damu inaganda juu yake na njia inaziba ndani ya dakika chache. Hapo ndipo utasikia, na sehemu ya msuli wa moyo inaanza kufa.

Wengi huacha dawa wakikuta kipimo kimeshuka. Kimeshuka kwa sababu ya dawa! Usiache bila kuongea na aliyekuandikia. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate, chipsi na viungo vya mchuzi vya pakiti.

Navuta sigara mbili tu kwa siku. Hiyo nayo ni hatari?

Ndiyo. Kwa moyo, hata sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Kupunguza hakutoshi, acha kabisa: baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada huwa imeshuka kwa takriban nusu. Shisha usiifanye mbadala.

Sisi watu wa pwani tuache nazi?

Msiache, punguzeni. Mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli mbaya, kwa hiyo tui zito lisiwe la kila siku. Mimi ningeogopa zaidi sigara na presha isiyotibiwa.

Mimi ni mama wa miaka 58, nina kisukari. Si ugonjwa wa wanaume huu?

Hapana, mama. Hedhi ikishakoma hatari hupanda, na kisukari humwongezea mwanamke hatari ya moyo kuliko kinavyomwongezea mwanamume. Tena maumivu ya kifua yanaweza yasiwe makali: ukapata pumzi kukata, jasho jembamba, kichefuchefu, uchovu usioelezeka, au maumivu ya taya na mgongo. Likikutokea hilo usiku, usimeze dawa ya vidonda vya tumbo ukangoja kukuche. Waamshe watu wa nyumbani wakupeleke hospitali saa hiyo hiyo, na wakifika waseme una kisukari, ili upimwe umeme wa moyo mapema.